Jinsi ya Kumrudisha Mbwa Porini Bila Kutoka Mbezi Beach

Cha kwanza, uwe na mbwa mzima. Mwongozo huu haumhusu mbwa aliyekonda, mwenye kupe au anayekohoa. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, na ukiwa huko umchanje kichaa cha mbwa. Tunamzungumzia yule mwingine, ambaye tangu aachishwe ziwa amekula ugali wa dona na dagaa, na siku ya sikukuu vichwa na miguu ya kuku. Manyoya yanang'aa. Mchana analala chini ya gari, usiku anabweka mpaka mlinzi anaamka. Tumwite Simba, maana huenda ndilo jina lake hasa. Simba hana tatizo lolote isipokuwa moja: mwenye Simba ameanza kusoma.

Utakuwa umesoma kwamba chakula cha kupikwa ndicho chanzo cha kila linalomsumbua mbwa, kuanzia harufu ya mdomo hadi uvivu. Mafundisho haya yana wazee wake. Mwaka 1993 Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, alitoa kitabu Give Your Dog a Bone, akihimiza mbwa alishwe mifupa mibichi yenye nyama, viungo vya ndani na mboga zilizosagwa. Mwaka 2001 Tom Lonsdale, naye daktari wa mifugo huko huko Australia, akatoa Raw Meaty Bones. Siku hizi waumini wamegawanyika. Wapo wanaomsagia mbwa karoti na mchicha, na wapo wanaoona karoti ni uzushi ulioingizwa kwenye dini. Amua mapema uko upande upi, maana hakuna atakayekuuliza Simba anaendeleaje. Utaulizwa msimamo wako kuhusu karoti.

Pia unahitaji adui. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaye: chakula cha punje, kile cha kwenye mfuko. Asili yake ni London, miaka ya 1860, pale Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza biskuti za mbwa. Husimuliwa kwamba aliwaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia, akanusa biashara. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwake, Charles Cruft, ndiye baadaye aliyeanzisha maonyesho makubwa ya mbwa ambayo hadi leo yana jina lake. Kwa hiyo mtu wa London anapomwachisha mbwa wake punje, anaasi desturi yenye karne moja na nusu. Wewe unaasi nini? Dona? Simba hajawahi kuionja punje hata moja. Dawa ni kununua mfuko mmoja, ule wa kutoka nje wenye picha ya mbwa anayetabasamu, umlishe mpaka uishe, kisha umwachishe kwa kishindo. Bila hivyo huna ushuhuda.

Kuna utafiti mmoja ambao ni vizuri usikufikie. Ni wa Erik Axelsson na wenzake, wa Sweden, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2013. Walilinganisha vinasaba vya mbwa wa nyumbani na vya mbwa mwitu wa nchi za baridi. Wakakuta kwamba mbwa mwitu kwa kawaida ana nakala 2 tu za kinasaba kinachomwezesha kumeng'enya wanga, ilhali mbwa wa nyumbani ana kuanzia 4 hadi 30. Yaani kwa maelfu ya miaka aliyokaa pembeni ya jiko akisubiri ukoko, tumbo lake lilikuwa linasoma. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kuwa mbwa wa jamii za wakulima ndio wenye nakala nyingi. Dingo wa Australia na huski wa kwenye theluji wanazo chache. Hapo una upenyo. Kama Simba ni huski, hoja yako ina mashiko. Ila kama unafuga huski Mbezi Beach kwenye joto la mwezi wa pili, chakula si jambo la kwanza la kumshughulikia.

Tuingie kwenye hesabu. Kanuni ya waumini wengi ni kumpa mbwa mzima asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku: asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 10 viungo vya ndani, na nusu ya viungo hivyo iwe maini. Simba ana kilo 30. Ukichukua asilimia 2.5, anakula gramu 750 kwa siku, ambazo kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 22 na nusu. Hesabu hii irudie ukiwa peke yako. Humo nyumbani hakuna binadamu anayekula nyama kiasi hicho, na si ajabu hata mkijumlishwa wote.

Bucha ndipo imani inapojaribiwa. Nenda mapema, kabla watu hawajajaa.

"Steki au mchanganyiko, mama?"

"Ya mbwa."

Ataweka panga chini, ajifute mikono kwenye aproni, kisha avute kutoka chini ya meza ndoo yenye mapupu na vipande vya ngozi na mafuta. Hapo mweleze kwa upole kwamba hukuja kwa ajili ya mapupu. Unataka nyama ya paja isiyo na mafuta mengi, mbavu laini, figo, bandama na maini, na kila kimoja kipimwe peke yake, kwa gramu. Atakutazama, atatazama mizani, atakutazama tena.

"Kwani mbwa ana shughuli, mama?"

Waliosimama nyuma yako watacheka. Usicheke nao, utaonekana huna msimamo. Yupo na mama mmoja hapo kwenye foleni anayesubiri robo yake ya mchanganyiko, ya kula watu sita. Akikutazama, soma simu.

Lakini ile ndoo ya chini ya meza usiipite hivi hivi, maana ndiyo inayozunguka mitaani kwa jina la "nyama ya mbwa". Machinjioni, mkaguzi wa nyama hupasua maini na mapafu kwa kisu akitafuta vifuko vya maji. Ni malengelenge meupe. Mengine ukubwa wa gololi, mengine yanafika chungwa, na ukiyatoboa hutoka maji maangavu. Ndani yake wamo watoto wa tegu anayeitwa Echinococcus granulosus. Kiungo chenye vifuko hivyo hukataliwa na kutupwa shimoni. Kwenye machinjo ya uani, ya sikukuu au ya harusi, mkaguzi hayupo. Pafu lenye malengelenge hurushiwa mbwa, na mbwa hushukuru.

Kinachofuata hakina kelele. Tegu anakomaa ndani ya utumbo wa mbwa akiwa na urefu wa milimita chache tu. Mbwa haugui, hakondi, hafanyi lolote la kukushtua. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa halafu anakula andazi, na miaka kadhaa baadaye kifuko kama kile kile kinakutwa kwenye ini la mtoto. Watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Kwao ni miongoni mwa maeneo yaliyowahi kurekodi viwango vya juu kabisa vya ugonjwa huu duniani, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilianza kupambana nao huko kwa upasuaji na kwa kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Mbwa wa Turkana hawakuwa wamesoma mwongozo wowote. Walikuwa wanakula kibichi tu.

Kwa hiyo nunua kilichopigwa muhuri. Kigandishe barabara, kikae kwenye friza siku za kutosha. Mpe Simba dawa ya tegu kwa ratiba atakayoipanga daktari wa mifugo. Ukiyatimiza yote hayo bila kukosea, utakuwa umemshinda tegu. Njia nyingine ya kumshinda tegu ni kuchemsha.

Friza nayo ina mambo yake. Baridi inaua tegu, lakini bakteria inawalaza tu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, katika uchunguzi wake wa kati ya 2010 na 2012, ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya mbwa na paka. 15 zilikutwa na salmonela, na 32 zilikutwa na ile listeria inayowafanya watu waugue. Na hizo zilikuwa bidhaa za kiwandani, za kupakiwa na kugandishwa. Zako zimepanda bodaboda kutoka buchani, zikasimama kwenye foleni ya Mwenge, zikafika nyumbani umeme umekatika. Umeme utarudi usiku, nyama itaganda tena, na asubuhi dada wa kazi atakuita jikoni. "Mama, haya maini ya Simba yamechuruzikia maziwa ya mtoto. Niyafanyeje?" Swali limekaa hivyo kwamba hujui anauliza maini au maziwa. Majibu ya vitabuni ni kwamba uwe na friza yake, ubao wake, kisu chake, bakuli lake na kitambaa chake. Simba atakuwa na jiko kamili kabla kijana wako wa kwanza hajapata chumba.

Jirani wa upande wa pili wa ukuta ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa pwani hii. Chombo chake kikilambwa na mbwa hukiosha mara saba, moja kwa udongo, na kumbembeleza Simba usoni hakumjii hata ndotoni. Miaka yote umekuwa ukiona anajipa kazi bure. Sasa Simba anamaliza shingo ya kuku mbichi na kuja moja kwa moja kukulamba mdomo, tena mbwa anaweza kubeba salmonela bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote. Mtaa mzima, aliye salama kuliko wote ni yule mzee. Mpelekee salamu, umwombe akufundishe kunawa.

Mengine nayapitisha haraka. Mfupa ukishapikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo waumini wako sahihi kuukataa. Mfupa mbichi nao huvunja meno, jambo wanalolitaja kwa sauti ya chini. Maini yasizidi, vitamini A hurundikana mwilini. Na mtoto wa mbwa usimlishe nyama tupu hata kwa utani: nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, mwili wake utakopa kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na mtoto atakua miguu imepinda huku mwenyewe ukijisifu kwamba anakula vizuri kuliko jamaa zako wa kijijini.

Kama kweli ugali wa Simba unakukosesha usingizi, liko gunia stoo. Nyumba nyingi mahindi yakiota ukungu hayatupwi. Yanasagwa "ya mbwa". Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, ile ile iliyowadhuru watu 317 nchini Kenya mwaka 2004 na kuwaua 125 kati yao, na mbwa ni katika wanyama ambao ini lao haliihimili kabisa. Kumsagia Simba mahindi mazima kama yako kungemfaa kuliko bandama zote za buchani. Sikulazimishi. Najua mahindi mazima hayapendezi kwenye picha.

Mwezi ukiisha, tangaza matokeo. Kinyesi kimepungua, na hili ni kweli, maana anakula vitu ambavyo karibu vyote vinafyonzwa na mwili. Manyoya yanang'aa, na hili pia ni kweli, yalikuwa yanang'aa. Nguvu zimeongezeka. Ukiulizwa umepimaje, sema kuna vitu mtu anavihisi. Usiseme kwamba saa mbili usiku, mlinzi anaposonga ugali wake pale getini, Simba huacha figo kwenye bakuli na kwenda kukaa mbele ya sufuria, masikio yamesimama, akisubiri ukoko. Wala usimfokee mlinzi kwa kumpa. Hao ni marafiki wa siku nyingi, na usiku wezi wakija, ni wao wawili watakaotoka nje, si wewe.

Mlinzi huyo siku moja atakuja kuzungumzia nyongeza ya mshahara. Ataanza kwa mbali, bei ya unga, ada ya mtoto, nauli ya kutoka Bunju. Mpokee barazani. Mpe kiti, mpe na maji ya baridi, msikilize mpaka mwisho, mwambie hali ni ngumu kwa kila mtu. Ila jikoni asiingie, kwa sababu ukutani, juu ya friza, umebandika ratiba ya Simba: Jumatatu maini na mbavu, Jumanne filigisi, Jumatano figo na paja, kila siku na gramu zake. Na mlinzi anajua kusoma.