Msitu wa Fizi Unaomba Matrikule

Baraka, teritware ya Fizi, Kivu ya Kusini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utumishi wa Umma, Kinshasa-Gombe

Kuhusu: Ombi la matrikule kwa watumishi watatu wa Leta wasiolipwa

Mheshimiwa,

Najua juu ya meza yako zimelala dosye za walimu wa kwetu wanaofundisha bila mshahara, wale tunaowaita NU, na sina nia ya kuwapita kwenye foleni. Naomba dosye hii iwekwe chini ya zao. Wahusika wake wamezoea kungoja: wako kazini tangu kabla Mbelgiji hajafika, hawajagoma hata siku moja, na hakuna aliyewalipa hata faranga.

Watumishi hao ni watatu. Wa kwanza ni msitu wa milimani, kuanzia Itombwe hadi Ngandja. Wa pili ni miti ya kandokando ya mito. Wa tatu ni matete na mabwawa ya pale mito inapoingia Ziwa Tanganyika. Wote watatu wanawakinga raia na mafuriko, kazi ambayo kwenye karatasi ni ya idara ya Protection Civile.

Labda utauliza kwa nini sikuiandikia Wizara ya Mazingira. Mheshimiwa, wizara hiyo inaijua miti vizuri, hasa inapokuwa mkutanoni nchi za nje. Wizara ya Mambo ya Jamii nayo inatujua sisi, lakini inatujua tukishazika. Yako ndiyo inayotoa matrikule, na katika nchi yetu asiye na matrikule hayupo, hata akiwa amesimama mbele ya macho yako na mizizi yake ardhini. Nafasi wazi hazikosekani: mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza kwamba kwenye listi ya mishahara ya Leta umekuta watu zaidi ya 145,000 wenye matrikule zisizo sahihi au za kubuni. Ikiwa Leta iliweza kulipa kwa namba za kubuni, sioni itashindwaje kuwaandika watumishi ambao mtu yeyote anaweza kwenda kuwagusa.

Sasa nikueleze kazi zao, kama fomu inavyodai.

Milima ya Fizi haishuki polepole kuelekea ziwani. Imesimama juu yake. Mito yetu mingi ni mifupi na mteremko ni mkali, kwa hiyo mvua inayonyesha juu haichelewi kufika chini. Na chini ndiko tunakoishi, kwenye tambarare finyu zilizojengwa kwa mawe na udongo ambao mito hiyo hiyo ilishusha zamani. Msitu unafanya kazi ya kuchelewesha. Majani yanaipokea mvua kabla haijaupiga udongo, takataka za majani zilizolala chini zinakunywa sehemu yake, na mizizi inayafungulia maji njia ya kuzama huku ikiushika udongo usiporomoke. Maji ambayo yangetufikia yote kwa saa moja yanatufikia kwa siku kadhaa. Katika biro zote za Leta, Mheshimiwa, huyu ndiye mtumishi pekee ninayemjua ambaye uchelewaji wake unaokoa watu.

Miti ya kando ya mto inashika kingo zisimegeke, tena inanasa magogo na mawe kabla hayajafika kijijini. Matete yanayavunja nguvu mawimbi upande wa ziwa, yanaacha tope litulie upande wa mto, na samaki wadogo wanakulia humo humo. Kwa lugha ya utumishi, matete yanashika nyadhifa tatu bila mshahara hata mmoja.

Kuhusu uzoefu, msitu una barua za sifa ambazo wengi mlioko Gombe mngezitamani. Mwaka 1965 ulimpokea Che Guevara alipovuka ziwa akitokea Kigoma. Baadaye ukamficha Laurent-Désiré Kabila na watu wake wa chama cha PRP kwa miaka mingi, na mtu huyo mwaka 1997 akawa Rais wa Jamhuri. Kwa desturi ya nchi yetu, aliyemtunza mkubwa porini mpaka akaingia ikulu angekuwa jenerali, na walinzi wa kumfungulia mlango wa gari. Huyu wetu bado hana hata karatasi ya utambulisho.

Isije ikafikiriwa kwamba Leta haijawahi kupata kitu kutoka kwake. Inapata, ila kwa saa za ajabu. Mti uliosimama juu ya mteremko hauko katika kitabu chochote cha mapato. Siku unapokatwa na kuwa makala ndipo unapotambulika: gunia linaposhuka kuelekea sokoni linakuta barieri, halafu barieri nyingine, moja ya wenye tampo na nyingine ya wenye bunduki, na kila moja inadai chake. Huko Misisi, kilima kinatambulika kikishageuzwa mashimo ya dhahabu. Mwanakijiji anayekata hana kosa la kunishughulisha, maana watoto wake hawali kivuli. Shida yangu ni hesabu ya Leta, ambayo mti unaingia ndani yake siku ya kufa kwake.

Na sisi tumewekwa katika hesabu hiyo hiyo.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mvua kubwa ilinyesha Kasaba, kijiji cha sekta ya Ngandja kilichoko ukingoni mwa ziwa. Mto ulitoka katika njia yake, ukashusha mawe makubwa, magogo na matope, ukazifagia nyumba za karibu na ziwa. Waliokufa walizidi 100, wengi wao watoto na wazee. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa tu, na mtandao wa simu haukuwako. Hata kilio chao kilibidi kipande mtumbwi ili kisikike. Ndipo nasi tukatambulika. Tulihesabiwa, idadi ikasahihishwa, ikatajwa redioni, rambirambi zikasomwa. Miaka miwili nyuma, mwezi Mei 2023, ilikuwa zamu ya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, watu zaidi ya 400. Mwezi Aprili 2020 ilikuwa zamu ya Uvira. Jimbo hili limezoea rambirambi kiasi kwamba anayeziandika habadilishi tena ila jina la kijiji na tarehe.

Sitasema msitu peke yake ungewaokoa wote. Dosye ya kweli hutaja pia udhaifu wa mwombaji. Ipo mvua ambayo hakuna mti unaoiweza, na upo mteremko unaoporomoka ukiwa na msitu wake juu. Matete nayo hayawezi kulishusha ziwa: lilipopanda mwaka 2024 likaingia majumbani Uvira, Kalemie na Bujumbura, tulikumbushwa kwamba lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Ziwa hili limewahi kupanda hivyo miaka ya 1960, na wazee walituonyesha lilipofikia. Dawa ya hapo ni kuliachia ziwa nafasi yake na mto nafasi yake. Nafasi hiyo nayo ni mali: ardhi iliyoachwa wazi kandokando ya maji inafanya kazi kila inapofurika bila nyumba ndani yake. Lakini kiwanja kilichoachwa wazi hakilipiwi tampo, na hapo ndipo ugonjwa wa hesabu unaporudi.

Utaniambia sheria ipo. Ipo, tena nzuri. Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inakataza kukata miti mahali penye hatari ya mmomonyoko na mafuriko. Inakataza pia kufyeka mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Nawaalika wajumbe wako waje na futi kamba, tuanzie mto Mutambala. Wasijali kuhusu viatu. Watatembea juu ya mihogo na matofali.

Pia nimesikia habari za Davos. Mwezi Januari 2025 nchi yetu iliutangazia ulimwengu Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, wenye kilomita za mraba zaidi ya 540,000. Tulipiga makofi. Serikali inayoweza kuahidi kilomita nyingi hivyo mbele ya matajiri wa dunia haiwezi kukosa mita 50 za kumpa Mutambala.

Wala hatuombi jambo lisilojulikana. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kigoma, mradi wa TACARE ulianza mwaka 1994, na vijiji vikapanga wapi palimwe, wapi pajengwe na wapi miteremko iachwe ijiotee miti yenyewe. Ndugu zetu waliokimbilia huko, kambi ya Nyarugusu, wanaijua Kigoma kuliko sisi. Wakiulizwa, watakueleza kwamba Watanzania nao wanapika kwa makala na wanapenda viwanja vya kando ya maji. Tofauti ni kwamba kule mtu alikaa na wanakijiji kabla ya mazishi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mshahara wanaouomba watumishi hawa ni huu. Mita zao 50 zipimwe na kupandwa alama ambazo kila mtu anaziona. Ofisi itakayotoa karatasi ya kiwanja ndani ya alama hizo iitwe kujieleza, na siyo mwenye nyumba peke yake. Kijiji kinachotunza msitu wake kipate sehemu ya pesa ambayo Leta inaitafuta nje kwa jina la msitu huo, ili anayeacha kukata asilale njaa kwa ajili ya walioko chini. Na kila kijiji cha ukingoni kipate njia ya kuonywa usiku, hata kama ni ngoma. Hakuna anayedai gari wala posho ya misheni.

Najua ugumu ulipo. Mafuriko ambayo hayakutokea hayana picha, hayana msafara, hayana godoro la kukabidhi mbele ya kamera. Ukiwaandika hawa kazini, itafika siku ya mvua kubwa na wewe hutakuwa na la kutangaza. Nakuomba uivumilie aibu hiyo.

Mvua zinaanza tena Septemba. Naomba jibu kabla ya hapo.

Mimi, raia wako wa Baraka, ambaye bado sijahesabiwa.

Nakala kwa habari:
– Mheshimiwa Gavana wa Kivu ya Kusini
– Bwana Administrateri wa teritware ya Fizi
– Meya wa mji wa Baraka
– Wakuu wa sekta za Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja
– Wakazi wa Kasaba: nakala yao itakwenda kwa mtumbwi, ikiwa mtandao bado haujafika