Ujumbe wa Sauti Katika Grupu la Kongamano

Ujumbe wa sauti ukishatua kwenye grupu la WhatsApp lisilo lake, mwenye sauti hana mamlaka nao tena. Jambo hili lilithibitishwa jijini Mwanza mwezi Mei 2025, katika grupu la walimu wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wakifuatilia kutoka mbali kongamano la eLearning Africa. Mwalimu aliyelithibitisha, mtu wa Ilemela, hadi leo akifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba hupitia upande wa kayabo ili asionekane upande wa dagaa.

eLearning Africa ni kongamano la teknolojia ya elimu linalohamahama barani. Lilianza Addis Ababa mwaka 2006, mwaka uliofuata likawa Nairobi, likafika Dar es Salaam mwaka 2011, kisha likarudi hapo tarehe 7 hadi 9 Mei 2025 katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Kati ya ujio ule wa kwanza na huu wa pili mengi yalibadilika. Mwaka 2011 WhatsApp ilikuwa na umri wa miaka miwili tu na walimu wengi walikuwa bado na simu za tochi. Yaliyosemwa ukumbini yalibaki ukumbini. Kufikia 2025 mwalimu ana simu janja mfukoni, na shuleni kuna vishikwambi vilivyohesabia watu katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu. Kisichobadilika ni umbali. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000, na ukijumlisha nauli, malazi na ada ya kushiriki unapata hesabu ambayo mshahara wa mwalimu hauna jibu lake. Kwa hiyo walimu huchangishana, mmoja anatumwa, waliobaki wanabaki na grupu.

Grupu la aina hii huzaliwa siku chache kabla ya ufunguzi, na maisha yake yanajulikana. Kwanza zinawekwa kanuni: hakuna siasa, hakuna biashara, hakuna picha za asubuhi njema zenye maua. Kisha zinaanza kuingia picha za asubuhi njema zenye maua. Mjumbe akishafika Dar, picha zake zinachukua nafasi ya maua: kitambulisho kikining'inia shingoni, yeye mbele ya bango, yeye na mtu mzito ambaye hakuna anayemjua, sahani ya mchana, sahani ya jioni. Mada zenyewe hupigwa picha kutoka viti vya nyuma, skrini ikatokea nyeupe pe, na chini yake mjumbe anaandika: "Mada nzito sana hii, wapendwa." Ilipoingia sahani ya pili, mwalimu wa Ilemela, ambaye mchango wake ulikuwa umekamilika kabla ya wote, aliona ni wakati wa kuzungumza na rafiki yake wa Ukerewe. Kwa sauti, maana mambo mengine hayaandikiki.

Hapa inabidi kueleza jinsi orodha ya mazungumzo inavyofanya kazi, kwa sababu kila mtu hudhani anaijua. Mazungumzo ya WhatsApp hayapangwi kwa herufi wala kwa undugu. Hupangwa kwa saa. Ujumbe mpya ukiingia, mazungumzo yake yanaruka juu kabisa na mengine yote yanashuka hatua moja. Kuruka huko hakupigi hodi na hakusubiri kidole. Grupu la watu mia kadhaa, siku ya kongamano, huruka kila mara, na kidole kilichokwisha kuwa hewani kikilenga jina la rafiki kinatua mahali ambapo rafiki alikuwapo nusu sekunde iliyopita. Dawa ipo tangu 2017: mazungumzo matatu yanaweza kubandikwa juu yasisogee. Nafasi zake tatu mwalimu yule alikuwa amezigawa kwa grupu la ukoo, la kikoba, na la mashabiki wa Pamba Jiji, timu iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 na kurudi na presha ya mji mzima. Rafiki wa Ukerewe alikuwa anaelea, na kidole kikatua kwenye grupu.

Kurekodi nako kuna ufundi wake. Zamani ilibidi kidole kikae juu ya maikrofoni muda wote wa kusema. Ukikiinua, ujumbe umeondoka. Mpango huo ulikuwa na busara yake, kwa kuwa kidole kilichoka kabla ya mdomo. Mwishoni mwa 2017 likaja kufuli: ukivuta kidole kwenda juu, simu inaendelea kurekodi yenyewe huku mikono ikifanya kazi nyingine, na haikomi mpaka ikomeshwe. Kufuli ni jambo jema sana kwa mtu anayesahihisha madaftari. Kwa mtu anayenunua kitoweo halifai kabisa.

Sehemu ya kwanza ya sauti ile ilikuwa ya kitaaluma. Mwalimu alieleza, kwa mpangilio mzuri wa hoja, kwamba mjumbe amekwenda kuuza sura. Kwamba mtu ambaye mwaka jana aliomba msaada wa kuzima projekta hawezi kuiwakilisha Kanda ya Ziwa kwenye mambo ya akili mnemba. Na kwamba kwa sahani zile, mchango wa walimu umeshaliwa na mifupa imelambwa. Alipomaliza alitia simu kwenye mfuko wa shati, kufuli likiwa bado limefunga, na kuingia sehemu ya pili, sokoni.

"Mwadila, ticha! Leo sato?"

"Mwadila, mama. Sato shilingi ngapi?"

Bei inatajwa. Hapo pana kimya ambacho walimu wote waliosikiliza wanakikumbuka.

"Na dagaa?"

"Dagaa wapo, nikupimie sado. Ila ticha, deni la juzi bado liko kwenye daftari."

"Mwisho wa mwezi, mama. Mwalimu hakimbii."

"Hata yule wa kwanza hakukimbia. Alihamishwa."

Mwalimu akatoa simu mfukoni ili amwonyeshe mama wa dagaa kwamba ujumbe wa mshahara kweli haujaingia. Akakuta sekunde zinahesabu. Kwenye skrini ya kurekodi pipa la taka liko kushoto na mshale wa kutuma uko kulia, na kidole gumba cha mkono wa kulia, mtu akishtuka, hufika kulia kwanza.

Mwaka 2021 WhatsApp iliongeza uwezo wa kusikiliza sauti kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Walimu wana vipindi vingi, hivyo wengi walichagua mara mbili; hoja za kitaaluma zikatiririka kama matangazo ya mpira, na mama wa dagaa, ambaye ni mtu mpole kabisa, akatoka mkali. Waliorudia kwa kasi ya kawaida walifanya hivyo kwa ajili ya kile kimya tu.

Kufuta kuna milango miwili. Mmoja hufuta ujumbe kwa wote. Ulifunguliwa mwaka 2017 kwa kikomo cha dakika 7, na tangu Agosti 2022 unaruhusu zaidi ya siku mbili. Mwingine hufuta kwenye simu ya anayefuta tu. Imepangwa mmoja juu ya mwingine, kwa maandishi ya ukubwa uleule, na huonekana hasa wakati mtu hana utulivu wa kusoma. Mwalimu alichagua wa pili. Matokeo ya chaguo hilo yanastahili kuelezwa polepole. Sauti ilitoweka kabisa kwenye simu yake, na kwenye simu yake peke yake. Kwa kuwa kwake haipo, hawezi tena kuishika ili aifute kwa wengine. Hawezi kujua nani ameisikiliza, kwa sababu orodha ya waliosikiliza hufunguliwa kwa kuugusa ujumbe wenyewe. Hawezi hata kuirudia ajue hasa alisema nini kuhusu projekta. Anakuwa mtu pekee katika grupu zima asiye na ushahidi wa kesi yake mwenyewe. Kampuni iliona watu wanavyoumia, na Desemba 2022 ikaongeza sekunde 5 za kutengua kosa hilo. Sekunde hizo 5 mwalimu wa Ilemela alizitumia kushusha pumzi.

Rufaa yake ilibaki kwa admini, ambaye tangu 2022 ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote ndani ya grupu. Admini alikuwa mjumbe. Alikuwa Dar, ukumbini, na sauti alikuwa ameisikiliza kwa kasi ya kawaida. Hakuifuta. Tangu Desemba 2023 ujumbe unaweza kubandikwa juu ya grupu kwa saa 24, siku 7 au siku 30, wote wauone wanapoingia. Alichagua siku 30. Kuondoka kimyakimya nako kunawezekana, bila wanagrupu kupewa taarifa, isipokuwa maadmini; jambo ambalo kwa kesi hii lilikuwa sawa na kutoondoka.

Yaliyofuata chini ya sauti ni ya kawaida ya magrupu. Nyuso za kicheko. "Pole, ticha." Mwalimu mkuu mstaafu akaandika: "Wanangu, hekima itumike," kisha baada ya dakika chache akauliza kama deni ni la sado moja au mbili. Kilele kilikuja kutoka kwa mwalimu wa Geita ambaye, kama wengi, alisoma maoni bila kusikiliza sauti. Akiwa tayari ana PEPMIS ya kujaza tathmini yake ya kazi, mafunzo ya MEWAKA ya kuhudhuria, mifumo ya PReM na SIS ya kuingizia taarifa za wanafunzi, aliona neno dagaa linatajwa kila mstari. Akauliza kwa heshima: "Samahani wakuu, huu mfumo wa DAGAA mwisho wa kujisajili ni lini?" Walimu kadhaa wakaomba linki.

Ajali nyingine za kongamano lile zilikuwa ndogo. Mjumbe alipowapigia wenzake video ya ufunguzi, mwalimu wa Nansio aliishiwa bando kabla msemaji hajamaliza itifaki. Alama ya reli, ambayo Chris Messina aliipendekeza Twitter mwezi Agosti 2007 ili waliojadili jambo moja wakutane, ilikosewa herufi moja, na walimu wa Sengerema wakajadili mtaala na wauza nywele bandia. Mwingine alipata cheti cha ushiriki kilichotolewa kwa "Jina Kamili Hapa".

Bando si ajali ndogo. Barua ya mkuu wa shule siku hizi inakuja WhatsApp. Ratiba ya mtihani wa kujipima, kikao cha dharura, takwimu zinazotakiwa kabla ya saa nane, picha ya mwalimu akiwa darasani kuthibitisha kuwa yuko darasani: vyote hupita kwenye simu aliyoinunua mwenyewe, kwa intaneti aliyoilipia mwenyewe. Chaki shule inanunua. Bando mwalimu ananunua, na asipokuwa hewani anaambiwa hana ushirikiano. Grupu la kongamano lililiongelea suala hili kwa kirefu, kwa bando za wanagrupu.

Na mitandao yenyewe haina dhamana. Mjumbe aliwaandikia wenzake kutoka ukumbini kwamba mtandao wa X ndiyo ofisi mpya ya walimu wa Afrika, wafungue akaunti haraka. Kongamano lilifungwa tarehe 9 Mei. Tarehe 20 Mei 2025 X ikaacha kufunguka nchini, na waziri mwenye dhamana akaeleza kuwa sababu ni maudhui ya ngono. Aliyefikiria kupita kwa VPN alikumbuka tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) la Oktoba 2023 lililotaka watumiaji wa VPN wajisajili. Mwalimu wa hisabati wa Magu, aliyefungua akaunti ili afuate walimu wenzake wa Ghana na Rwanda wanaofundisha jometri kwa simu, alikuwa amewafuata kwa wiki moja na kidogo. Jometri ya Ghana haina ngono. Hakuna aliyemwomba radhi, na hakuna aliyemrudishia bando.

Grupu lenyewe lingali hai. Limebadilishwa jina na sasa linashughulikia michango ya harusi ya binti wa mwanagrupu mmoja, ambako malipo yanakuja kwa wakati zaidi kuliko yalivyokuja ya kongamano. Mjumbe alirudi, akaahidi ripoti, na ripoti ikaja ikiwa na picha.

Wanaotayarisha mjumbe wa kongamano lijalo wanaombwa mambo mawili: watenge fedha za bando kwa walimu watakaobaki kando ya ziwa, na uadmini wampe mtu ambaye hasafiri.