Sifa za Nyanya Iliyogoma Kuiva

Lushoto imeshasifiwa hadi imechoka. Imesifiwa kwa hewa yake, kwa mapeasi yake, na kwa ua la Usambara, lile ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta kwenye milima hii mwaka 1892, mwaka uliofuata likapewa jina lake, na leo limekaa madirishani Ulaya na Marekani likinyweshwa maji kwa kijiko. Hata baridi imepata wapenzi: Wajerumani waliiona njema wakauita mji Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Aliyesahaulika ni mmoja tu, naye yuko nyuma ya jiko, mgumu, wa kijani, mwezi wa saba umeingia na habari hana. Ni nyanya mbichi. Leo nasimama kuisifu, na anayedhani naivika kilemba cha ukoka anivumilie nimalize.

Kwa ukoo, haina cha kuonea haya. Asili yake ni Amerika Kusini, na ndugu zake ni viazi mviringo, pilipili, biringanya, ngogwe na mnavu. Ukipita gulioni Lushoto umepita katikati ya kikao cha familia. Ukoo huu una desturi ya kujihami. Nyanya changa hubeba tomatini, sumu chungu ambayo hupungua kadiri tunda linavyoiva. Mtoto wa jirani haichumi akipita, na mgeni haagi huku akiitazama. Nitajie mali nyingine inayojilinda bila mbwa wala ua wa miiba. Kantangaze peke yake, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, ndiye asiye na adabu, lakini huyo hata majani hayaachi.

Pili, ina msimamo. Nyanya hupata wekundu vizuri joto likiwa nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Likishuka karibu na 10, kazi ya rangi inalala. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu ukishuka hauulizi saa ya kuondoka. Nyanya ya Mombo, kule bondeni kwenye joto, huiva bila kubembelezwa. Ya Lushoto inakutazama tu. Unaimwagilia, unaitilia samadi, unaipunguzia majani ili jua liione, nayo kimya. Pengine inakucheka moyoni, maana haihitaji jua juu ya ngozi yake ili iive. Inachodai ni joto.

Tatu, na hii ndiyo sifa kuu: nyanya mbichi haimharakishi mtu. Ikishaiva imekuwa bwana, na wewe mtumwa. Leo iuzwe, kesho iuzwe kwa bei ya dalali, keshokutwa imwagwe. Dalali husoma wekundu wa nyanya upesi kuliko anavyosoma gazeti, na akishausoma anajua huna pa kwenda. Ukikaidi, pakia mbivu kwenye matenga, uzishushe kona za Soni hadi Mombo, uziunganishe na barabara kuu ya Dar es Salaam, na Kariakoo watapokea rojo. Ndiyo maana mkulima wa biashara huchuma zikiwa zimeanza tu kupiga rangi. Mwenye nyanya mbichi analala usingizi, bei anaifikiria kesho.

Lakini sifa bila maarifa ni porojo. Zilizobaki mtini baridi ikiwa imekaza, chuma moja uikate kwa kisu kikali. Kisu kikipasua mbegu, hiyo bado changa, haitaiva hata ukiilaza kitandani kwako. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya ute wake, imekomaa, na za umri wake zitakubali. Zifute, zipange kwenye boksi la viatu zisigusane, tia ndizi mbivu katikati, funika, weka chumba chenye joto. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, nayo ndiyo inayoamsha uivaji. Chungulia kila siku, inayooza itoe kabla haijaambukiza wenzake. Friji usiikaribie: baridi yake huharibu nyanya, na kama ni baridi, Lushoto hatuna upungufu.

Zile changa zisizokubali kuiva, usizitupe. Zikate nyembamba, zinyunyizie chumvi, zilale hadi asubuhi, kisha mwaga maji yaliyotoka. Zipike taratibu na siki, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili mbuzi na sukari kidogo, na achari hiyo itakaa mezani baada ya wekundu wote kuoza. Au zigaagaze kwenye sembe ukaange kwenye mafuta, kama wafanyavyo Wamarekani wa kusini, ambao hawakuona aibu: Fannie Flagg aliitia nyanya mbichi ya kukaanga katika jina la riwaya yake ya mwaka 1987, na mwaka 1991 ikawa filamu. Sembe tunayo, mafuta tunayo, nyanya mbichi ndiyo usiseme. Kilichopungua ni mwandishi.

Watasema ni chachu. Kweli, ni chachu. Ndimu nayo ni chachu, na sijasikia mtu akiidai iwe chungwa.

Wahenga wametuachia kwamba mvumilivu hula mbivu, na mimi si wa kubishana na wahenga. Ila hawakutuambia mvumilivu ale nini wakati anavumilia, na huku milimani kuvumilia kunaanza Juni. Basi mpakulieni sahani ya makande, achari ya nyanya mbichi pembeni, na hiyo mbivu siku ikijaaliwa kufika imkute ameshiba.