Ahsante kwa Sambusa, Mheshimiwa

Kwa Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi,
Chuo kimojawapo cha Kimarekani (jina tunalihifadhi, maana bado hatujahitimu),
Education City, Doha.

YAH: SHUKRANI KWA KUWALEA VIONGOZI WEUSI

Mheshimiwa,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi viongozi wa umoja wa wanafunzi wa Kiafrika tunakushukuru kwa msaada wa mwaka mzima. Tulipoomba ofisi, tulipewa sambusa. Tulipoomba bajeti, tulipewa sambusa na juisi ya embe. Tulipoomba kikao nawe, tuliletewa mpiga picha.

Picha zimetoka vizuri sana. Mwenyekiti wetu, binti wa Tanga, amebandikwa kwenye bango la ukumbini, anacheka hadi jino la mwisho. Siku bango lilipopandishwa, alisimamishwa mlangoni na kuombwa kitambulisho mara mbili, sura yake ikimwangalia kutoka ukutani. Mlinzi, Mkenya, alijikuna shingo na kunong'ona: "Samahani dadangu, ni maagizo."

Kazi nazo mnatupa kwa ukarimu. Tunapokea wageni kutoka Afrika, tunacheza ngoma Siku ya Afrika, Mei 25, tunambembeleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetaka kurudi kwao, tena tunamweleza mhadhiri kwamba Afrika si nchi moja. Zote hizo ni za kujitolea. Anayefundisha somo la uongozi hulipwa mshahara. Anayeufanya uongozi wenyewe hula sambusa.

Mheshimiwa, tumeisoma historia ya vyuo vya kwenu ili tujue msaada huwa unapatikanaje. Northwestern, yenye tawi hapa tangu 2008, ilipelekewa madai ya wanafunzi wake Weusi kwa adabu zote Aprili 1968. Hayakufika mbali. Mei 3, zaidi ya wanafunzi 100 wakaingia ofisi ya mhasibu kule Evanston, Marekani, wakajifungia. Saa 38 baadaye uongozi ukawa umekubali mengi: Weusi wengi zaidi waandikishwe, ufadhili uongezwe, wapate mahali pao pa kukutania na masomo yanayowahusu.

Georgetown, iliyofungua tawi hapa 2005, ina habari yake. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti waliokiendesha chuo hicho waliuza watu 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Majina ya mapadri waliosimamia mauzo hayo yalibaki kwenye majengo hadi 2015, wanafunzi walipokwenda kukaa nje ya ofisi ya rais wa chuo. Mwaka 2019 wanafunzi wa chuo hicho wakapiga kura kujitoza dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya vizazi vya waliouzwa. Chuo kikausifu moyo wao, ada yao kikaiacha, kikaahidi kuchangisha kwa njia nyingine.

Sasa, tatizo letu ni la kiufundi: sisi huku hatuwezi kujifungia popote. Iqama zetu, yaani vibali vya kuishi nchini, ziko chini ya udhamini wenu, na mkusanyiko wa hadharani unahitaji kibali. Tena tunamkumbuka Malcolm Bidali, mlinzi kutoka Kenya aliyeandika maisha ya wafanyakazi wahamiaji kwa jina la Noah. Mei 2021 alikamatwa, akawekwa peke yake karibu mwezi mzima. Julai akatozwa faini ya riyali 25,000. Agosti akaondoka nchini. Kwa hiyo mkituona tunacheka kwenye bango, msidhani tumeridhika.

Wala msituambie habari za Weusi ni za Marekani, huku hazihusu. Pandeni metro ya kijani mshuke Msheireb, muulizie Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho ya utumwa iliyofunguliwa 2015. Wamo watu wa pwani yetu, waliopitishwa Zanzibar wakaletwa Ghuba kuzamia lulu. Qatar iliufuta utumwa mwaka 1952. Mwenyeji amejenga makumbusho. Mgeni ndiye anayejifanya hajasikia.

Kwa heshima, tunaomba bajeti yenye tarakimu, posho kwa saa tunazofanya kazi ya ofisi yako, na kikao kila muhula chenye muhtasari badala ya mpiga picha. Tunaomba pia barua yenye saini yako, isemayo kwamba mwanafunzi akisema ukweli kwenye kikao cha chuo, chuo kitasimama naye, iqama yake ikiwemo. Bila barua hiyo, hayo mengine ni mapambo.

Tunajua mtasema iundwe kamati. Imeshaundwa. Wajumbe ni sisi, na haina posho.

Wako mtiifu, kwa masharti ya iqama,

Katibu

Nakala: Mhasibu. Asiogope kuacha mlango wazi. Sisi tutabisha hodi.