Ile Hela Ilipie kwenye Namba Hii

Nimeitwa tapeli mbele ya foleni nzima ya mwaka wa kwanza chuoni, nikiwa nimevaa fulana ya njano iliyoandikwa mgongoni NIULIZE MIMI. Aliyeniita hivyo ni mama aliyemsindikiza binti yake kutoka Kigoma, wala hakunong'ona.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, poleni na safari, ndoo nikaipokea. Binti alitaka kulipia hosteli. Tukaingia kwenye akaunti yake ya usajili, kontroli namba ikatoka, nikamgeukia mama na kutamka maneno yanayofanana na ya meseji za matapeli, ambayo Mtanzania mwenye akili timamu hayatamki hadharani: "Mama, ile hela ilipie kwenye namba hii."

Foleni ikanyamaza. Mama akaubana mkoba kwapani.

"Ahaa! Kumbe ndio nyie! Mmechoka kutuma meseji, sasa mmekuja wenyewe!"

Mlinzi akafika, akadai kitambulisho. Picha yake ilipigwa nikiwa mwaka wa kwanza, nina mashavu ya chakula cha nyumbani. Mlinzi akaitazama, akanitazama, akatoa hukumu: "Huyu si wewe."

Nikaanza kujieleza. Na jamani, kontroli namba ni kitu cha kuelezwa! Ni tarakimu 12, zinaanza na 99, na inatengenezwa kwa ajili ya deni moja tu. Ndani yake mna jina la mdaiwa, kiasi anachodaiwa na mahali hela inakokwenda. Lipa benki, lipa kwa simu, lipa kwa wakala wa kijijini, hela inakwenda palepale bila kupita kwenye droo ya mhasibu. Muda wake ukiisha imekufa, unaomba nyingine. Wakala akiiingiza kwenye mashine, jina linatokea kabla hata senti haijatoka. Mimi nikiifikiria sana huwa nasisimka. Basi nikayamwaga yote hayo huku mlinzi kanishika mkono wa fulana, na kila nilivyozidi kueleweka ndivyo nilivyozidi kuharibu.

"Unaona anavyoongea?" mlinzi akamwambia mama. "Matapeli ndivyo walivyo, wana maelezo mazuri."

Aliyeniokoa ni wakala aliyekaa chini ya mwembe. Alibonyeza namba, akasoma jina la binti kwa sauti, majina yote matatu. Mama akalipa. Hakuniomba radhi. Akanirudishia ndoo niibebe mpaka hosteli.

Mengine ya wiki ile ya kupokea wageni yalikuwa madogo. Kijana mmoja aliniuliza bumu, yaani hela ya mkopo, linatoka lini. Nikacheka, naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Mwingine, wa sheria, alikaa kwenye kipindi kizima cha hesabu za uhandisi kwa sababu ukumbi ulibadilishwa bila tangazo, na aliandika notisi.

Lakini mama yule alikuwa na haki. Fulana kama yangu mtu yeyote anachapisha Kariakoo. Wageni hawa wanakuja kila mwaka, msimu uleule, na bado wanakuta dirisha moja la huduma ambalo mhudumu wake akienda kunywa chai limefungwa. Mwenye mkopo anahesabiwa hadi shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, ila hela hiyo haimsubiri getini siku anayoshuka na begi. Aliyekosa mkopo anabebwa na mwenzake, wawili kwenye kitanda cha mmoja. Wa kuwaeleza yote haya ni sisi tunaolipwa chupa ya maji. Mtu kasafiri kutoka Kigoma na hela ya ada ya mtoto, na ukutani hakuna hata karatasi moja ya kumwambia kontroli namba ni mnyama gani.

Mzazi unayekuja mwaka huu, usimkabidhi mtu hela mkononi, hata akivaa fulana ya rangi gani. Subiri jina la mwanao lisomwe kwenye mashine ndipo ulipe. Na nyie wenye dirisha, karatasi moja tu na gundi kidogo. Bandikeni.