Sifa na Mkia Wake: Mwongozo kwa Anayefika Mwadingusha na Kiingereza Mfukoni

Usije Mwadingusha ukidhani hatari iko kwenye umeme. Umeme una uzio, una bango lenye fuvu na mifupa miwili. Neno "of" halina bango, na ndilo lililoniunguza mimi.

Kwa asiyepajua: Mwadingusha iko huku kwetu Katanga, Kongo, upande wa mashariki wa Likasi, pale mto Lufira unapoanguka kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyapa jina la Cornet, mtaalamu wao wa miamba. Kampuni ya madini ya Union Minière ilijenga bwawa na kituo cha umeme hapo, kikaanza kazi mwaka 1930 kwa jina la Francqui, na maji yaliyozuiliwa nyuma yake yakawa ziwa Tshangalele, lenye samaki tunaowalia bukari, ugali wetu. Baada ya miaka zaidi ya themanini mitambo ilikuwa hoi. Ikafanyiwa ukarabati, mashine sita, megawati 78 kwa jumla, zikaunganishwa tena na gridi ya taifa mwaka 2021. Fedha zilitoka upande wa mgodi wa Kamoa-Kakula, ambako Ivanhoe Mines ya Kanada ni mbia, na penye fedha za Kanada Kiingereza hakikosi kiti.

Si mara ya kwanza kwa Kiingereza kutupitia. Reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 ilitokea kusini kwa Waingereza, na mwaka 1961 Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, ilipokea kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa, wakazingirwa siku chache na kuchukuliwa mateka. Hawakupata nafasi ya kutufundisha vihusishi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pa kuteleza. Mwingereza hawezi kutoa sifa ikaenda peke yake. Kila sifa ina mkia, na mkia ni kineno cha herufi mbili, tatu au nne: "of", "at", "with", "for", "to". Ukiubadilisha mkia unakuwa umebadilisha mnyama. Ukiusahau, watu wanakusubiri umalize sentensi huku wewe umeshamaliza na unasubiri jibu.

Sisi hatukuzaliwa na mikia hiyo, na sababu ni nzuri. Kiswahili kinameza kihusishi tumboni mwa kitenzi. Mtu anakasirika, akikukasirikia wewe, ile "-ia" ndiyo "with" yote ya Mwingereza. Anajivuna, na akimjivunia mwanawe basi "proud of" imeshaingia humo humo, hakuna kilichobaki nje. Kuzoea hakutaki chochote: umezoea kelele za turbini, basi. Ziwa limejaa maji. Kati ya kujaa na maji hakuna mtu katikati. Mwingereza yeye lazima amweke mtu: "full of". Tena ukijaribu ujanja ukasema "filled", yule mtu anafukuzwa na kuajiriwa mwingine, "with". Maji ni yale yale, ziwa ni lile lile.

Mkatanga ana mtego wa ziada. Mzanzibari anasema nyumbani, kazini, mlangoni. Sisi tunasema mu nyumba, ku kazi, pa mulango, kwa hiyo tunaamini vihusishi tunavijua kuliko watu wa pwani. Tunavijua kweli, ila vyetu vina adabu: mu ni ndani, ku ni kule, pa ni pale hasa. Mtu wa hapa akisikia "interested in football" anauliza, ameingia ndani ya nini? Akisikia "good at mathematics" anauliza, hesabu ni mahali, mpaka mtu awe mzuri pale? Usiulize. Kuiulizia "at" maana yake katika "good at" ni sawa na kumuuliza bwana harusi kwa nini alioa ukoo ule: ndoa ilipangwa na wazee, nao wameshakufa.

Na mtego wa tatu ni Kifaransa, tulichosomea. Kifaransa kina "de", mtumishi wa kazi zote, na sisi kila tunapoiona "de" tunaandika "of". Mlinzi wa geti anakuwa "responsible of the gate". Ni "for". Siku chache baadaye unakuta kila kitu katika ripoti kinamilikiwa na kila kitu.

Haya ndiyo yaliyonipata. Nilikuwa nafanya kazi kwa mkandarasi mmoja, simtaji, zamu ya usiku, wiki mbili mfululizo. Macho yamevimba, magoti hayana nguvu. Nikataka siku moja ya kulala. Kichwani nilikuwa na "fatigué du travail", nikaiendea kamusi kwa uaminifu, nikamwandikia mkubwa wetu mgeni mistari miwili: "I am tired of this work. I ask for one day." Nikaona nimeandika vizuri hata "ask for" nimeipata.

Asubuhi aliniita. Alikuwa amefunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na kahawa alinimiminia mwenyewe. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amenikosea. Akaniuliza kama nimepata kazi kwingine. Mimi nasema hapana, usingizi tu. Yeye anatikisa kichwa kama mtu anayefichwa kitu. Tulizunguka hivyo kama robo saa hadi nilipoweka mashavu juu ya viganja na kufumba macho, kama mtoto, ndipo akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kumbe "tired from" ni mwili, na "tired of" ni moyo. Nilikuwa nimemwandikia barua ya kuacha kazi, halafu nikaomba siku moja tu ya kuacha.

Tangu hapo nikaanza kuweka daftari. Nakupa machache, uyabebe kwa uangalifu.

"Good" ndiyo mbaya kuliko zote. Fundi aliye hodari wa winchi ni "good at". Anayeelewana na watoto ni "good with". Anayemtendea mama yake wema ni "good to". Nimeona barua ya kumsifu fundi mitambo iliyosema yeye ni "good for machines". Hiyo ni sifa ya grisi.

"Afraid": ukimwogopa mkeo ni "of", ukiogopa asije akapatwa na baya ni "for". Katika nyumba nyingine zote mbili ni kweli, lakini chagua moja kwa kila sentensi.

"Married" inakwenda na "to". Kwetu mtu ameolewa na fulani, Kifaransa cha mitaani nacho kinasema "avec", kwa hiyo mkono unaandika "with" wenyewe. Baya zaidi ni kwamba utaiona hiyo "married with" kwenye wasifu wa Waingereza wenyewe, "married with three children", na hapo usishtuke wala usiite polisi. Maana yake ameoa, tena ana watoto watatu.

"Different" iache ikupite. Sisi, kwa kuwa tunasema tofauti na, tunaandika "different with", na tunasahihishwa kuwa ni "from". Kisha unamsikia Mmarekani akisema "than" na Mwingereza akisema "to". Wakishakubaliana wao, watuite.

Nilimpelekea daftari mzee mmoja mstaafu, fundi umeme wa siku za kampuni ya migodi ya Gécamines, aliyejifunza Kiingereza chake Zambia. Nikamwomba anipe kanuni. Akaupitia ukurasa mzima kwa kidole, akafunga daftari.

"Mutoto, usiulize juu ya nini. Ni vile iko."

Nilikuwa nimeshafika nje ndipo nikaisikia vizuri. Juu ya nini. Mzee alitaka kusema "kwa nini", na sisi wote wa hapa tunasema hivyo kila siku, kana kwamba sababu ni kitu kilichowekwa juu ya meza. Nikaanza kutuchunguza sisi wenyewe. Tunasema karibu na mto, lakini kando ya mto. Kabla ya mvua, lakini pamoja na mvua. Na lile "na" letu linalounganisha watu ndilo hilo hilo linalowatenga: karibu na Likasi, mbali na Likasi. Mtu ni mwepesi wa kusahau; "wa" hapo inamiliki nini?

Yule mkubwa mgeni alikuwa akijifunza Kiswahili wakati huo huo, naye alikuwa na daftari lake. Alikuwa ameandika kwa wino wa buluu kwamba "na" ni "with", na pia ni "by", na pia ni "and", akaipigia mstari kwa furaha, vineno vitatu kwa bei ya kimoja. Siku mashine moja ilipotusumbua toka alfajiri mpaka usiku, alikuja mezani tulipokuwa tunakula, ana grisi mpaka kwenye nyusi, akajiangusha kwenye kiti na kutuambia polepole, kila silabi mahali pake:

"Nimechoka na kazi."

Meza nzima ikanyamaza. Mpishi akampa pole. Dereva, baada ya muda wa heshima, akauliza ile gari yake ataachiwa nani.