Fundi Asiye na Hati ya Mshahara

Seremala wa Mombasa aliyejitegemea tangu ujana wake, ambaye kwa randa na patasi amekwisha kuwasomesha wanawe na kununua kiwanja cha kujengea nyumba za kupangisha, akienda benki kuomba mkopo huulizwa kwanza, kwa adabu iliyotimia, hati ya mshahara. Naye, kwa kuwa hana wa kumwandikia hati hiyo ila nafsi yake, hutakiwa alete hesabu zilizokaguliwa, ilhali daftari lake limejaa vumbi la mbao, na wateja wake, Mola awabariki, hulipa taslimu, nusu leo na nusu baada ya Idi. Karani mwenye hati hiyo, awezaye kuachishwa kazi kesho, ndiye aonekanaye mwaminifu.

La ajabu ni kwamba sheria ya Kenya ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024 imemtambua fundi huyu bila taabu yoyote, ikamtaka naye atoe asilimia 1.5 ya mapato yake ili nyumba zijengwe. Waheshimiwa wa benki, mkiyatafuta mapato hayo msiyaone, tafadhalini waulizeni wakusanya ushuru: wao wameyaona.